Shombo Haiogopi Udi

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne, masika yameshika. Nilishusha mapazia ya harusi Ngamiani, nyumbani kwa bibi harusi: satini nyeupe, mita 40, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa ikakunjika. Kungwi wake, mtu mzima wa kanga mbili na wanja, akashika pindo moja akalisogeza puani. Hakuniangalia. Akauliza kwa ile sauti ya chini ya watu wa Tanga, inayokutia adabu bila kukutukana:

"Mwanangu, haya mapazia yamelala wapi?"

"Nyumbani kwangu, bibi. Yametoka kufuliwa jana."

"Basi nyumbani kwako mnalala na papa."

Waliokuwa wakitunga vikuba barazani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana pale ukinuna umekwisha. Mapazia yalirudi kwenye karai usiku ule ule, yakakaushwa kwa feni tatu. Lakini nyumbani kwangu hakukuwa na papa. Papa alikuwa kwenye gari.

Gari lenyewe ni Probox ya mwaka 2004. Kazi yangu ni mapambo ya harusi, na kwa mtu anayebeba mapazia, mito, viti vya maharusi na masufuria ya watu, Probox ni gari la heshima. Nililinunua mwezi wa kwanza kwa bwana mmoja aliyekuwa akichukua samaki wakavu soko la Deep Sea na kuwapandisha Korogwe na Lushoto. Hakunificha kitu. Alisema, "Dada, injini nzima, gia boksi nzima, ila ndani lina kaharufu kidogo." Kaharufu! Mtu wa pwani akikupunguzia jambo kwa "ka", jihadhari. Akikwambia mbele pana kashimo, shuka uende kwa miguu.

Tena sisi ni mji wenye mtaa unaoitwa Mabanda ya Papa. Sijui nilitegemea gari la samaki wa hapa linukie nini.

Nikawa naliendesha miezi mitatu bila kusikia lolote. Ndivyo pua ilivyo: ukikaa ndani ya harufu dakika chache tu, inaacha kukuletea habari zake. Mimi nilikuwa nikiingia kila siku, vioo chini, upepo wa kiangazi unapita, nikajua yule bwana alitia chumvi. Waliojua ukweli walikuwa paka. Kila nikiegesha, hawakosi wawili watatu nyuma ya buti, wamekaa kama wanaosubiri duka lifunguliwe. Mimi nikidhani wanafuata kivuli.

Baada ya aibu ya Ngamiani nilifanya ambacho kila mtu hufanya: nilinunua manukato. Kwanza vile vimti vya karatasi vya kuning'iniza kwenye kioo, vitatu kwa mpigo. Halafu dawa ya kupuliza yenye picha ya ua la zambarau. Gari likanuka papa wa zambarau. Ndipo nikajiambia, kwani mimi si mtoto wa Tanga? Nguo tunazifukiza, nywele tunazifukiza, chumba cha maharusi kinafukizwa mpaka kwenye droo. Nikatia mkaa kwenye chetezo, nikaweka udi mzuri, ule wa kutunzwa kwa siku maalumu, nikakiweka chetezo kwenye buti nikafunga milango yote robo saa.

Nilipofungua, nilikutana na kitu ambacho sijawahi kukisikia na sitamani kukisikia tena: papa aliyevaa kanzu, anakwenda kuoa. Harufu mbili zilikuwa zimekaa pamoja, kila moja na kiti chake, hakuna iliyompisha mwenzake. Juu ya hapo kaa moja liliruka likatoboa zulia tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 100, na kitambaa cha dari kikashika moshi ambao haujatoka hadi leo. Na nimwambie anayefikiria kuniiga: mkaa unaowaka ndani ya gari lililofungwa unatoa gesi isiyo na harufu inayokamata damu mahali pa oksijeni. Mimi nilikuwa nje, kwenye baraza, nakunywa kahawa. Ni bahati tu, sikuwa na akili hiyo.

Bimkubwa wangu akasema udi ni wa kumalizia, si wa kuanzia. Uchafu hung'olewa kwa magadi. Magadi yale yale ya kulainishia maharage. Nikayayeyusha kwenye ndoo ya maji ya moto, nikamwaga kwenye zulia la buti, nikasugua kwa brashi.

Haikupita dakika tano nikatoka mbio, machozi yananitiririka. Kilichopanda pale hakikuwa shombo ya kawaida. Kilikuwa kinachoma pua kama choo cha stendi saa nane mchana. Kufika magharibi, paka walikuwa sita.

Jirani yangu anafundisha kemia sekondari. Alikuja kuangalia kelele ni za nini, akavuta hewa mara moja, akasema, "Hujaiua, umeifungulia mlango." Kisha akanieleza, nami tangu siku hiyo sijaisahau. Papa ana yurea nyingi kwenye damu na nyama, ndiyo inayomwezesha kuishi kwenye maji ya chumvi bila mwili wake kunyonywa maji. Akishakufa, bakteria huigeuza yurea hiyo kuwa amonia. Juu yake kuna trimethilamini, ambayo ndiyo shombo ya samaki wa bahari yenyewe. Zote mbili, amonia na hiyo shombo, ni za upande mmoja na magadi: ni besi, kinyume cha tindikali. Ukizikuta zimelala kwenye zulia ukazimwagia besi kali zaidi, unazifukuza, na zikifukuzwa zinarukia hewani, yaani puani mwako. Zinachotaka ni tindikali. Tindikali inazigeuza kuwa chumvi isiyoweza kuruka, na hapo unaweza kuzisuuza kwa maji zikatoka.

"Samaki unamwosha na nini?" akaniuliza.

"Na ndimu."

"Umewahi kumwona mtu anamtia samaki magadi?"

Nimekamulia samaki ndimu tangu nina miaka minane. Elimu nilikuwa nayo mkononi, sikuwahi kuitoa jikoni.

Basi nikanunua siki nyeupe, chupa nne, nikaichanganya nusu kwa nusu na maji. Unamimina, unasugua, unaacha kama nusu saa, unasuuza, unanyonya maji kwa matambara, unarudia. Ile ya kuchoma pua ilikata siku hiyo hiyo. Shombo ikapungua ikawa ya kuvumilika, nami nikatangaza ushindi mtaa mzima. Jua lilikuwa kali siku mbili, gari likakaa milango wazi. Siku ya tatu ikanyesha, na papa akarudi.

Hapa ndipo nilipoacha kuosha nikaanza kutafuta. Na kitu kilichonisaidia, nacheka nikikisema, kilikuwa Kiswahili. Mimi na kila niliyemwomba ushauri tulikuwa tukisema "harufu" tu, "gari lina harufu", kana kwamba ni kitu kimoja. Lugha yetu haikututupa hivyo. Kuna shombo na vumba, ambazo ni za samaki. Kuna kawa, ya nguo iliyokunjwa mbichi. Kuna uvundo wa kitu kilichooza. Kuna kikwapa. Bibi zetu hawakutoa majina hayo kwa kupenda maneno. Kila moja lina dawa yake, na asiyejua jina atatia magadi kwenye shombo kama mimi.

Nikafanya hivi. Nililifunga gari juani tangu saa nne mpaka saa saba, kwa sababu joto ndilo linaloinua harufu kutoka kwenye kitambaa. Nikachukua vitambaa safi vyeupe, nikavilowesha kidogo, nikavikandamiza kila kimoja mahali pake: kiti cha dereva, kiti cha abiria, zulia la mbele, zulia la nyuma, dari, mikanda, buti. Nikavipeleka mbali na gari, chini ya mnazi, nikamwita binti wa jirani mwenye pua ambayo haijazoea gari langu. Akavinusa kimoja kimoja na kuvipanga. Buti: shombo. Zulia la abiria wa mbele: kawa. Kiti cha nyuma, katikati: "Shangazi, hapa kama mtu ametapika." Dari: udi wangu. Mikanda haikuwa na neno.

Kumbe nilikuwa na wapangaji watatu, na mmoja tu ndiye niliyekuwa nikipambana naye.

Nikamwita fundi. Viti vya Probox hushikwa na boliti za namba 14. Alitoa kwanza waya wa hasi wa betri, akafungua viti vyote, akavipanga uani kama vya msibani. Chini ya viti tulikuta magamba ya samaki, sarafu, kijiko, dagaa mmoja mkavu aliyejikunja, na risiti za ushuru wa mazao. Halafu akainua zulia la buti. Chini yake kuna lile felti nene la kijivu, linalozuia kelele na joto. Lilikuwa limelowa, na pembeni limeota chembe nyeupe.

"Nini hii, ukungu?"

Fundi akagusa kwa kidole, akaonja. Mafundi hawa! "Chumvi, dada."

Papa hupakwa chumvi kabla ya kuanikwa, na akiwa hajakauka sawasawa anachuruzika. Miaka yote ile ya safari za Korogwe, maji ya chumvi yalikuwa yakishuka kwenye felti, maji yanaondoka, chumvi inabaki na shombo yake. Sasa chumvi ya kawaida ina tabia: unyevu wa hewani ukipita asilimia 75 hivi inaanza kuvuta maji yenyewe mpaka inayeyuka. Ndiyo maana chupa ya chumvi mezani hugoma kutoa masika. Na asubuhi ya masika hapa Tanga kuvuka kiwango hicho si jambo la ajabu. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, hewa kavu, yule bwana aliponiuzia gari lenye kaharufu, alisema kweli. Felti lilikuwa limekauka, papa amelala. Masika yakamwamsha.

Lile felti sikuliosha. Nilimwambia fundi alikate lote la buti na la nyuma ya viti, tukalitupa. Ndiyo pesa iliyoniuma kuliko zote kwenye hadithi hii, na ndiyo iliyofanya kazi. Siki chupa nne na udi wa thamani vyote pamoja havikufanya nusu yake. Kitu kinene kilichokunywa miaka kumi hakisuuziki. Bati la chini tulilikuta limeanza kutu, tukalikwangua, tukaliosha kwa siki na maji mengi, tukalikausha kwa jua siku mbili, ndipo tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mtu mmoja alinishauri niweke sponji ya godoro badala ya felti, ni rahisi. Nilikataa. Sponji ni felti lingine, linasubiri papa wake.

Sakafuni kuna vizibo vya mpira vya kutolea maji. Tulivifungua, maji ya rangi ya chai yakatoka. Kimoja tu, cha nyuma upande wa kushoto, kilikuwa kimeng'ang'aniwa na kutu ya bati kiasi kwamba fundi aliogopa kukivuta akatoboa sakafu. Tukakiacha.

Shombo ilipoondoka, kawa ikajitokeza. Ilikuwepo muda wote, imejificha nyuma ya mkubwa wake. Ukiwasha kiyoyozi, pumzi za kwanza zinatoka kama kabati lililofungwa tangu msiba wa mwaka jana, halafu inapoa unasahau.

Kiyoyozi cha gari hupoza hewa kwa kuipitisha kwenye koili baridi, mafundi wanaiita evaporeta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hewa ya pwani ina maji mengi. Ikigusa koili, maji yanajikusanya juu yake matonematone kama kwenye chupa ya soda baridi. Yanatakiwa kushuka kwenye bomba dogo na kudondoka barabarani. Ukiona gari limesimama juani na kidimbwi kidogo chini yake, mara nyingi ni hayo, na ni dalili ya afya. Langu halikuwa likidondosha kitu. Mimi nikafurahi kuwa halivuji! Kumbe bomba limeziba, maji yanarudi ndani, yanaingia chini ya miguu ya abiria, na koili haikauki. Mahali penye giza, maji na vumbi, ukungu na bakteria wanajenga.

Fundi wa viyoyozi alifungua kiboksi cha mbele ya abiria atazame chujio la hewa. Hakukuwa na chujio. Nafasi ipo, chujio hakuna; sijui nani alilitoa na lini. Kwa hiyo koili yangu ilikuwa ikimeza vumbi na vijani vya mwarobaini vilivyodondokea chini ya kioo cha mbele, pale kwenye waipa, kwa sababu naegesha chini ya mwarobaini. Alipuliza bomba kwa upepo wa kompresa, likatema tope. Akapuliza koili kwa dawa ya povu inayotengenezwa kwa kazi hiyo, akaiacha ishuke, akaweka chujio jipya. Kisha akanipa ushauri wa bure ambao nimeona una thamani kuliko ile dawa: ukikaribia nyumbani, dakika tano hivi kabla, zima baridi uache feni inapuliza. Koili inakauka. Nikitoka Pongwe huwa nakumbuka. Nikitoka hapo mjini tu nasahau, safari yenyewe fupi.

Mpangaji wa tatu alikuwa wangu mwenyewe. Niliwahi kumwaga dumu la mtindi nikielekea kwenye shughuli ya watu, nikapangusa juujuu nikaendelea. Maziwa yakichacha yanatoa tindikali, mojawapo ndiyo ile inayosikika kwenye matapishi, na huko besi ndiyo dawa. Bekingi soda ikapata zamu yake: unainyunyiza, unaiacha usiku, unaifyonza. Ila dukani niliomba "ya kuokea" nikapewa bekingi poda, ambayo ndani yake ina soda na wanga na tindikali kavu. Ikilowa inatoa mapovu na kuacha uji. Nilikwangua uji kwenye kiti asubuhi nzima. Soma kopo.

Watu walinipa na mengine. Kahawa ya kusaga kwenye bakuli: ikatoa gari lenye kahawa na kawa. Mkaa mkavu, usiowashwa, kwenye kikapu chini ya kiti: huo unasaidia kidogo kunyonya mabaki, baada ya kazi kuisha, si kabla. Kijana mmoja alitaka kuniwekea mashine ya ozoni. Ina nguvu kweli, lakini gesi yenyewe inaumiza mapafu na inakula mpira, na papa aliye ndani ya felti haimfikii. Na jiki. Kila mtu alisema jiki. Jirani mwalimu ndiye aliyenishika mkono: jiki ikikutana na siki inatoa klorini, ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine mbaya za ukoo huo huo. Mimi nilikuwa na vyote viwili kwenye zulia moja.

Na ziko harufu ambazo si za kufukuza. Ukisikia petroli ndani, simama utafute inapovuja. Ukisikia moshi wa ekzosti, hasa ukiwa umefungua mlango wa nyuma kidogo kwa sababu mzigo umezidi, kama tunavyofanya sisi wa mapambo, shusha mzigo ufunge mlango. Ukisikia utamutamu kama sharubati ya moto na vioo vinaingia ukungu wa mafuta, ni maji ya rejeta yenye dawa yanavuja ndani ya dashibodi. Hizo zisikusumbue kwa ubaya wake, zinakuita.

Mwezi uliopita nilimbeba yule kungwi, yeye mwenyewe, kutoka Ngamiani kwenda Raskazone kwenye shughuli. Alikaa mbele. Vioo vilikuwa juu, kiyoyozi kimewashwa, na mimi nimebana pumzi kuliko yeye.

"Umenunua gari jingine?"

"Lile lile, bibi."

Hakusema kitu tena mpaka tunashuka. Alipofungua mlango alichomoa kikuba kwenye ushungi wake, asumini na mrehani, akakiweka juu ya dashibodi, akaenda zake.

Paka wameondoka karibu wote. Amebaki mmoja, mzee, mkia umekatika. Mvua ikinyesha huja akajilaza nyuma ya taili la kushoto, chini ya kile kizibo. Fundi amesema atakuja Jumamosi.